Maji ya Paa Lako Yaenda kwa Nani?

Sisi watu wa Butembo twapenda kujisifu kwa usafi wa nyumba zetu. Na kweli, ukipita asubuhi na mapema katika komine yetu ya Vulamba, utasikia fagio kutoka lupango hadi lupango. Mama afagia, binti anyunyiza maji kuzuia vumbi, kijana afuta viti vya barazani. Mgeni akipita husema: «Hapa pana watu.» Sifa hiyo ni njema. Lakini leo nataka kuipinga, maana naona ni nusu ya sifa. Nauliza jambo moja tu: zile takataka zilizofagiwa zimekwenda wapi? Na mvua ikinyesha, maji ya paa lile zuri yaenda kwa nani?

Jibu twalijua sote. Yaenda kwa jirani wa chini.

Mji wetu umejengwa juu ya vilima. Karibu kila mtu ana jirani wa juu na jirani wa chini. Basi angalieni tunavyofanya. Takataka hukusanywa pembeni mwa ua, zikangoja. Zangoja nini? Zangoja mvua. Mawingu yakisha kuwa meusi, watoto hutumwa na ndoo na mifuko: maganda ya ndizi, mashina ya sombe, sashe, chupa, nepi za mtoto, yote hutupwa katika mfereji unaotiririka. Na wengine, jambo la aibu kulisema, hungoja mvua hiyohiyo ili wakifungulie choo chao kitiririke. Mvua ikikatika, ua ni safi, na mwenye nyumba ameridhika. Lakini uchafu haukufa. Umehama. Umeshuka mpaka mlangoni pa mwenzako, ukapita kwenye chemchemi wanapochota maji watu wa bondeni, ukaishia katika mto Kimemi.

Nasema basi, wala sioni haya kusema: uchafu uliohamishwa si usafi. Ni deni lako linalolipwa na mtu mwingine. Na ye yote atunzaye nyumba yake kwa kuharibu ya jirani hajatunza kitu.

Pengine utaniambia: «Lakini maji ya paa moja ni kitu gani?» Haya, tufanye hesabu, tena ni hesabu ya mtoto wa shule. Mvua ya milimeta moja ikianguka juu ya meta mraba moja ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la meta 8 kwa 10 ina meta mraba 80. Ikinyesha mvua ya milimeta 25, nayo ni mvua ya kawaida kwetu, paa hilo limemwaga lita 2,000. Hizo ni bidoni 100 za lita ishirini. Ni tani mbili za maji, kwa mvua moja, kutoka paa moja. Nyumba kumi zilizopangana kando ya mteremko zatoa bidoni 1,000, na zote zashuka kwa njia moja. Ndipo twastaajabu kuona korongo limefunguka katikati ya avenyu, na ukuta wa mjane wa bondeni umelala chini!

Tena kuna jambo la kusikitisha zaidi. Katika nyumba hiyohiyo iliyomwaga bidoni 100, mke na watoto hushuka bondeni kila siku na bidoni moja mgongoni kutafuta maji, kisha hupanda nayo wakihema. Baba amekaa barazani akitazama maji yake yakimbomoa jirani, na kesho yake amtuma mtoto kuyafuata maji bondeni. Huo ndio utunzaji wa nyumba?

Wako wanaojibu: «Mvua ni ya Mungu, maji hushuka yenyewe.» Jibu hili lafanana na utauwa, lakini ni uvivu uliovaa kanzu. Mwenyezi Mungu huinyesha mvua juu ya kilima chote, tone hapa na tone pale, na majani na mizizi huipokea. Ni wewe uliyeng'oa majani, ukatandaza mabati, ukayakusanya matone yote penye ncha moja, kisha ukachimba mfereji na kuuelekeza kwenye mlango wa mwenzako. Mvua ni ya Mungu. Mfereji ni wako.

Wanasheria waliitambua tofauti hii tangu zamani. Sheria ya kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804, iliyotumika hata Ubelgiji, iliagiza kwamba kiwanja cha chini hakina budi kuyapokea maji yanayoshuka kwa asili, bila mkono wa mtu. Lakini mwenye kiwanja cha juu alikatazwa kufanya kazi yo yote ya kuuongeza mzigo huo. Tena kila mwenye nyumba aliagizwa kulipanga paa lake ili maji yaanguke katika ardhi yake mwenyewe au katika njia ya watu wote, wala si katika ardhi ya jirani. Miaka zaidi ya 200 imepita, na sisi twabishana bado kama jambo hilo ni haki.

Wengine husema: «Kusafisha nyumba ni kazi ya wanawake.» Ndugu zangu wanaume, hapa yatupasa kusema wazi. Kufagia si kutunza nyumba. Kufagia ni sehemu moja tu, nayo wanawake huifanya kila siku bila kukumbushwa. Lakini ni nani apandaye juu ya paa kugongelea misumari iliyolegea? Ni nani azibuaye michirizi? Ni nani achimbaye shimo la takataka na mtaro? Kazi hizi zikilala, zimelala kwa sababu baba amelala. Kitabu cha Walawi, sura ya 14, kinasimulia habari ya nyumba iliyoota madoa ya kijani na mekundu ukutani. Hapo mwenye nyumba ndiye anayepaswa kwenda kwa kuhani na kumpa habari. Nyumba hufungwa siku saba, mawe yenye madoa hutolewa, kuta hukwanguliwa, na udongo mpya hupakwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mzigo huo aachiwe mama peke yake na ufagio wake.

Sasa niseme habari ya majira, maana hapa ndipo kosa letu linapoonekana waziwazi. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, juu ya meta 1,700. Majira yetu twayajua. Jua huja mara mbili, Januari na Februari, kisha Juni na Julai. Mvua nazo huja mara mbili, Machi hadi Mei, kisha Agosti hadi Desemba. Siku hizi nyakati husogea kidogo mbele au nyuma, lakini mvua haijatushtukiza kama mwizi. Hakuna mkulima wa huku anayengoja mvua inyeshe ndipo atafute jembe. Lakini mkulima huyohuyo hungoja paa livuje ndipo atafute msumari. Shamba lina kalenda. Mbona nyumba haina?

Yafaa basi kila nyumba iwe na kalenda yake, nayo ni hii.

Jua la Januari na Februari ni wakati wa kuta na sakafu. Nyumba zetu nyingi ni za miti na udongo, au za matofali mabichi. Jua huzipasua nyufa, na ndani ya nyufa hizo hukaa wadudu. Papasi hujificha ufani mchana, usiku hutoka kuuma, na huweza kuleta homa inayokwenda na kurudi. Funza naye huzaliana katika vumbi kavu la sakafu, ndiyo sababu watoto huchechemea wakati wa jua. Dawa yake ni kazi: changanya udongo na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, uzibe nyufa, ukandike upya. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Mikeka, magodoro na mablanketi uyatoe juani. Mavuno yasilale chini sakafuni, bali yawekwe juu ya uchaga, maana panya hufuata nafaka, na viroboto humfuata panya. Wala msidhani tauni ni hadithi ya wazee: mwaka 2020 iliwapata watu wa zone ya afya ya Rethy, kwa jirani zetu wa Ituri. Nanyi mjue kwamba panya haulizi mpaka wa kiwanja. Ukimfuga kwako, umemfuga kwa avenyu nzima.

Wakati huohuo wa jua ni wakati wa moto. Mbao zimekauka, na nyumba zimebanana. Mbabula yenye makala yasiwekwe karibu na ukuta wa mbao, wala lisiachwe jivu la moto nyuma ya nyumba ati «litazimika lenyewe». Moto wa mtu mmoja huwa moto wa watu wote kwa muda wa dakika chache.

Mwishoni mwa Februari, kabla ya mvua, ni zamu ya ngazi. Panda, utazame misumari ya mabati moja moja. Zibua michirizi ya bati, na kama huna, iweke hata upande mmoja wa paa, chini yake pipa. Fukua mitaro. Mvua za Machi hadi Mei zikija, usijifungie ndani tu. Toka utazame maji yanapiga wapi. Yakirukia chini ya ukuta, panga mawe hapo. Na huu ndio wakati wa kupanda: matete au paspalumu kando ya kila ukingo uliokatwa, maana mizizi hushika udongo kuliko maneno. Wala usichimbe udongo chini ya kiwanja cha jirani wa juu ili kuupanua ua wako. Jirani wa chini naye aweza kumwangusha wa juu.

Juni na Julai ni wakati wa kutengeneza kilichoharibika, na wa kufukua shimo la takataka. Maganda na majani yaliyooza hayo si uchafu. Ni mbolea, na mwezi wa Agosti migomba na maharage yataishukuru. Sashe zitengwe mbali. Serikali ilikataza kutengeneza, kuleta, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, lakini mitaro yetu bado imejaa mifuko hiyo. Kisha, kabla ya mvua kubwa za Agosti hadi Desemba, zamu ya ngazi yarudi tena. Choo nacho kitazamwe: kisiwe karibu na chemchemi kwa meta zisizopungua 30, wala kisiwe juu yake. Shimo la kuyanywesha maji ya paa lichimbwe mbali na ukuta na mbali na ukingo wa mteremko, lijazwe mawe. Yakizidi, yapelekwe taratibu katika mtaro ambao majirani wamekubaliana, si katika mlango wa mtu.

Kazi hizi zote, nani aseme ni ngumu kuliko kujenga upya?

Najua nitajibiwa: «Mitaro mikubwa ni kazi ya serikali. Twalipa kodi.» Ni kweli, wala sitaki kuwapa udhuru wakubwa. Mtaro mkuu wa maji, mahali pa kutupa takataka za mji mzima, gari la kuzichukua, hayo mtu mmoja hayawezi, nayo yapaswa kudaiwa kwa ofisi ya komine na ofisi ya mji, tena kwa sauti kubwa. Lakini tusijifiche nyuma ya serikali. Paa lako si la serikali. Maganda yako ya ndizi hayakuliwa na serikali. Na mtaro mkuu ukichimbwa leo, sisi tukaujaza sashe kesho, tutasema nini? Mwezi wa Desemba mwaka 2022 Kinshasa ilipata mvua kubwa ya usiku mmoja, na zaidi ya watu 100 wakafa kwa mafuriko na maporomoko ya udongo. Mvua ikiisha kukusanya nguvu namna ile, haitafuti kwanza nani alilipa kodi.

Tena watu wa Butembo hatuna desturi ya kukaa na kungoja. Ni mji wa wafanya biashara na wakulima waliozoea kuchanga wenyewe na kuitengeneza barabara wenyewe. Watu wa namna hiyo washindweje na mtaro wa meta 30? Wengine hukasirika wakisikia neno salongo, kwa sababu wakati wa Mobutu watu walilazimishwa kwenda kufanya kazi hiyo. Nami nasema: kazi ya kulazimishwa iliharibu jina, haikuharibu jambo. Nyumba kumi zilizo kwenye mteremko mmoja, zikikubaliana zenyewe wapi maji yapite, hazihitaji askari wa kuzisimamia.

Liko jibu moja zaidi, nalo nalisikiliza kwa heshima: «Sisi ni maskini, tena ni wakati wa vita.» Ndugu zetu wa Beni wameteseka kwa mauaji tangu Oktoba 2014. Mwaka 2024, Kanyabayonga ilipotekwa, wengi walikimbilia upande wa kaskazini, na nyumba nyingi zikapokea watu wa mbio, jamaa mbili au tatu chini ya paa moja. Mtu aliyeacha kila kitu nyuma hawezi kuambiwa anunue michirizi ya bati. Na mpangaji naye asema haki akiuliza kwa nini atengeneze nyumba ya mwingine. Basi mwenye nyumba apokeaye kodi ya pango kila mwezi, yeye ndiye atafute mabati na misumari. Pango si zawadi, ni malipo ya nyumba inayofaa kukaliwa. Lakini kutenga sashe na maganda hakutaki pesa. Kutotupa takataka katika maji ya mvua hakutaki pesa. Kugeuza mfereji kwa jembe usielekee mlangoni pa mwenzako hakutaki pesa. Tena nyumba ikijaa watu, choo na shimo la takataka hujaa upesi, na ugonjwa hupita upesi. Ndiyo kusema, wakati wa shida ni wakati wa kutunza zaidi, si wa kutunza kidogo.

Tena tusiseme hatuwezi, maana tulikwisha kuweza. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, ukaingia Beni, ukafika Butembo na Katwa, na mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua zaidi ya watu 2,200. Mwaka 2021 ulirudi kwetu mara mbili, Februari upande wa Butembo na Oktoba upande wa Beni. Siku zile, ndoo yenye robine ilisimama mlangoni: shuleni, dukani, kanisani, hata nyumbani. Tajiri na maskini waliosha mikono kwa maji ya dawa kabla ya kuingia. Kwa nini? Kwa sababu tulijua kwa hakika kwamba uchafu wa mwenzangu waweza kuwa mauti yangu, na wangu mauti yake. Tulijifunza somo hilo kwa machozi. Leo ndoo nyingi zimeondolewa mlangoni, na somo limeondoka pamoja nazo. Je, yatupasa kungoja mazishi mengine ndipo tukumbuke kwamba tuna majirani?

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeigeuza mithali hiyo vibaya. Twauziba ufa wetu vizuri sana, na kumwachia jirani kazi ya kuujenga ukuta. Wahenga wengine wakasema: nyumba nzuri si mlango, fungua uingie ndani. Hata hiyo haitoshi kwa mji wa vilima. Ukitaka kujua kama nyumba ni nzuri, usiishie mlangoni, wala usiishie ndani. Zunguka nyuma, ushuke kwa jirani wa chini, umwulize yeye.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mvua ijayo ikianza kupungua, fanya jambo moja. Vaa koti, ushike jembe, toka nje ukafuate maji ya paa lako. Usisimame kwenye mpaka wa kiwanja chako. Endelea nayo mpaka uone yanakokwisha. Ukimkuta huko mtu anayakumba kwa sahani kutoka chumba wanamolala watoto wake, msalimie kwa adabu, kisha mwanze kuchimba pamoja.